Yaliyomo Ndani ya Bangi: Majibu kwa Madai ya Kijiweni

Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah, mgombea urais wa Kenya, alizunguka nchi akiahidi kulipa deni la taifa kwa bangi. Kura alizopata ni 61,969, chini ya nusu ya asilimia moja, lakini maneno yake hayakwenda naye nyumbani. Huku kwetu Tezo, kaunti ya Kilifi, kandokando ya barabara ya Malindi, yamebaki kwenye steji ya bodaboda, kwenye mangwe za wanywa mnazi, na siku hizi hata kwenye benchi za kliniki ya watoto. Utaambiwa ipo bangi nzuri iitwayo hempu, yapo mafuta ya CBD yanayoponya kila kitu, na kwamba jani likiwa bichi ni mboga kama mchicha. Upande wa pili wapo wanaoapa kuwa bangi na unga, yaani heroini, ni ndugu wa toka nitoke.

Kosa la pande zote mbili ni moja, nalo ni kuusemea mmea mzima kana kwamba ndani yake mna kitu kimoja. Wanakemia wameshatambua ndani ya bangi zaidi ya kemikali 500, na zaidi ya 100 kati ya hizo ni za ukoo uitwao kanabinoidi. Asiyeuliza ni kemikali gani, kiasi gani na imepitia nini kabla ya kumfikia, hana anachokijua, awe anaisifu au anailaani. Nayachukua madai moja moja. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu hayalingani kwa madhara.

"Hempu na bangi ni mimea miwili tofauti."

Ni mmea mmoja. Carl Linnaeus aliuandika kwa jina la Cannabis sativa mwaka 1753, na jina hilo hadi leo linaubeba ule wa kutengenezea kamba na ule wa kuvuta. Kinachoitenga hempu ni uchache wa THC, kemikali inayolewesha, na mpaka wenyewe umechorwa na watu. Mwaka 1976 Ernest Small wa Kanada na Arthur Cronquist wa Marekani walipendekeza asilimia 0.3 ya uzito mkavu, na hawakuficha kuwa wamejichagulia tu. Marekani ikaitia namba hiyo kwenye sheria yake ya kilimo ya 2018. Umoja wa Ulaya ulikuwa kwenye 0.2, ukapanda hadi 0.3 mwaka 2023. Mmea haukubadilika hata kidogo katika miaka hiyo.

Ndani yake mambo huenda hivi. Vinyweleo vyenye utomvu unaonata, ambavyo vimejaa hasa kwenye maua ya mmea jike, hutengeneza kwanza asidi iitwayo CBGA. Hii ndiyo mama. Kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa THCA, kingine huigeuza kuwa CBDA. Mmea uliorithi kimeng'enya cha kwanza ndio wa kulewesha, uliorithi cha pili ndio hempu, na uliorithi vyote viwili unakuwa na mchanganyiko. Asidi hizi mbili ndizo zinazogeuka baadaye kuwa THC na CBD. THC na CBD zina fomula ile ile, C21H30O2, atomi zile zile kwa idadi ile ile. Tofauti ni pete moja: kwenye THC imefunga, kwenye CBD imebaki wazi. Kwa sababu ya pete hiyo THC hukaa barabara kwenye kipokezi cha ubongo kiitwacho CB1, na CBD haikai.

Kuna jambo ambalo wauza mbegu hawalitaji. Kimeng'enya kinachotengeneza CBDA hakifanyi kazi safi. Kila kinapotengeneza sehemu 20 hadi 30 za CBDA, kinadondosha na sehemu moja ya THCA. Piga hesabu: hempu ikifikisha CBD asilimia 9, THC yake imeshagusa 0.3, hata kama mbegu ilinunuliwa kihalali na shamba halina mche mwingine wowote. Katika nchi zilizoruhusu hempu, wakulima wamechomewa mavuno kwa sababu hiyo, kwani kadiri ua linavyokomaa ndivyo CBD inavyopanda na kuivuta THC nyuma yake. Mkulima huyo hakudanganya wala hakuibiwa mbegu. Alichelewa kuvuna.

"Ikiwa mbichi ni mboga tu, haileweshi."

Dai hili lina punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayolifanya liwe la hatari.

Bangi mbichi ina THC kidogo sana. Iliyomo ni THCA, asidi ambayo haileweshi mtu kama ilivyo. Ili iwe THC ni lazima ipoteze molekuli ya kabonidayoksaidi, na kinachoiondoa ni joto. Moto wa msokoto huifanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Tanuri au sufuria yenye mafuta, kwenye joto linalozidi nyuzi 100, huifanya kwa dakika kadhaa. Kukaushwa juani na kukaa guniani kwa miezi huifanya polepole.

Akina mama wa Tezo wanaochoma korosho wanaijua kemia hii mikononi mwao. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi. Ganda likishapita motoni, asidi ile hupoteza kabonidayoksaidi na kugeuka kitu kingine, kadanoli. Na huu si mfano tu wa kuchangamshia maneno, kwa maana asidi hizi mbili ni za ukoo mmoja kweli. Asidi ambayo bangi huanzia kujenga kanabinoidi zake inaitwa asidi ya olivetoli: ni pete yenye kundi la asidi na mkia wa kaboni 5. Asidi ya anakadi nayo ni pete yenye kundi la asidi, ila mkia wake ni wa kaboni 15. Hakuna mtu wa Tezo atakayekwambia korosho yote ni sumu, wala atakayekupa ganda bichi utafune kwa sababu eti ni la asili. Anakuuliza ni sehemu gani na imechomwa au haijachomwa. Busara hiyo hiyo ndiyo inayokosekana tukifika kwenye bangi.

Sasa rudi jikoni. THC haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Jani lililokaushwa likitiwa kwenye tui la nazi na kuchemshwa, tui huinyonya THC na kuipeleka mezani. Kwa hiyo yule anayesema "nimetia majani mawili tu kwenye mchuzi" hajui ametia nini. Kibaya zaidi, inayoliwa haifanyi kama inayovutwa. Moshi hufika ubongoni kwa dakika. Chakula huchukua nusu saa hadi saa mbili, na njiani ini huibadilisha THC kuwa kemikali nyingine inayolewesha pia, tena kwa nguvu. Mlaji hasikii kitu, anaongeza kipande cha pili, kisha vyote viwili vinamfikia pamoja. Biskuti na keki za namna hii zikiachwa kabatini, wa kwanza kuzifikia ni mtoto.

"Mafuta ya CBD hayana THC, hayana madhara, na yanaponya kifafa."

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu Kilifi ina sababu yake.

Kifafa, au vitsala kama wazee wa Kigiriama wanavyokiita, kimechunguzwa katika kaunti hii kuliko karibu popote Afrika, kwa kuwa watafiti wa KEMRI na Wellcome wako Kilifi tangu 1989. Uchunguzi wao mmoja, uliochapishwa 2012, ulipima damu za watu wenye kifafa na kukuta zaidi ya nusu yao hawana dawa ya kifafa inayoonekana mwilini. Katika pengo hilo ndimo anamoingia mganga, na sasa anaingia muuza chupa.

Ukweli wa chupa ni huu. CBD ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1940 na kikundi cha Roger Adams kule Illinois, na umbo lake likafumbuliwa na Raphael Mechoulam na mwenzake mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya Mechoulam na Yechiel Gaoni kulifumbua la THC. Inafaa kwa baadhi ya kifafa, na hilo halibishaniwi. Katika jaribio juu ya Dravet, aina ya kifafa kigumu cha utotoni, lililochapishwa 2017, vijana na watoto 120 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa CBD, degedege zao za mwezi zilishuka kutoka wastani wa 12.4 hadi 5.9. Waliopewa dawa bandia walitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iitwayo Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kigumu cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut.

Lakini msomaji aangalie maneno mawili hapo. La kwanza: watoto wale hawakuacha dawa zao. CBD iliongezwa juu ya dawa walizokuwa wakimeza. La pili ni kiasi. Kipimo cha kawaida huanza miligramu 5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kikapanda hadi 10 au 20. Mtoto wa kilo 20 anahitaji basi miligramu 200 kwa siku kwa kipimo cha 10. Chupa ndogo iliyoandikwa miligramu 500, ya aina ambayo watalii huja nayo mfukoni, itamtosha siku mbili na nusu. Mzazi anayempa mtoto matone matatu asubuhi na matatu jioni hampi dawa hata kidogo. Anampa harufu yake.

Na hiyo ni ikiwa lebo inasema kweli. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima. Zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa hazikufika hata theluthi, na 18 zilikutwa na THC. Mama anayedhani anampa mwanawe kitu kisicholewesha huenda anampa THC kila jioni.

"Hayana madhara" nayo si kweli. CBD huvizuia vimeng'enya vya ini vinavyoondoa dawa nyingine mwilini. Mtu anayetumia wafarini kwa ajili ya damu iliyoganda anaweza kujikuta wafarini imerundikana na damu inatoka bila kusita. Mtoto anayemeza valproeti, ambayo ni dawa ya kifafa inayotumika sana, akiongezewa CBD kwa kiasi kikubwa ini lake linaweza kuumia. Ndiyo maana Epidiolex hutolewa pamoja na vipimo vya ini. Muuza chupa hana maabara.

Kuhusu saratani, kisukari na ukimwi sina la kurefusha. THC iliyotengenezwa maabara, dronabinoli, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kuzuia kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani, na baadaye kuwarudishia hamu ya kula wagonjwa wa ukimwi. Kutuliza kichefuchefu cha tiba na kuponya saratani ni mambo mawili.

"Mafuta ya mbegu za hempu ndiyo hayo hayo ya CBD."

Siyo. Mbegu haina vinyweleo vya utomvu, kwa hiyo haitengenezi CBD wala THC isipokuwa ile iliyoipaka kutoka kwenye ua. Mafuta yake ni mafuta ya kula, mazuri kwa omega-3 na omega-6. Anayekuuzia mafuta ya mbegu kwa bei ya CBD anakuuzia mafuta ya kupikia kwa bei ya dawa.

"Bangi na unga ni kitu kimoja, tofauti ni rangi."

Hili ni la upande wa pili, na linastahili kujibiwa kwa uzito ule ule. Malindi imeumizwa na heroini kwa miaka mingi. Wanaoitumia wanatibiwa kwa methadoni katika hospitali ya Malindi tangu 2015, na karibu kila familia inamjua mmoja. Kwa hiyo hofu ni halali. Kuchanganya mambo si halali.

Heroini hushika vipokezi vya afyuni, na vipokezi hivyo vimejaa kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi. Ndiyo sababu teja akizidisha hulala na pumzi ikakatika. THC hushika CB1, kipokezi kilichotambuliwa kikamilifu mwaka 1990, na kwenye shina hilo vipokezi vya CB1 ni vichache mno. Mtu aliyezidisha bangi anaweza kutapika, kuogopa kufa, moyo ukamwenda mbio, lakini pumzi yake kwa kawaida haizimiki. Mwili wenyewe unatengeneza kemikali za kushika CB1: ya kwanza, anandamidi, iligunduliwa 1992, na Mechoulam alikuwamo tena kwenye kikundi hicho.

Kijana aliyeambiwa kuwa bangi na unga ni kimoja, kisha akavuta bangi na kuamka kesho yake salama, atahitimisha nini kuhusu unga? Mahubiri ya namna hiyo yanamsogeza karibu na kile kile tunachomkataza.

"Basi haijaua mtu. Ni ya asili."

Wala usikimbilie upande huo. Muhogo mchungu ni wa asili na una sianidi. Ganda la korosho nimeshalitaja. Muguka ni jani, na mwezi Mei 2024 Gavana Gideon Mung'aro alitangaza kuupiga marufuku Kilifi, uamuzi ulioishia kwenye mabishano ya mahakama. Asili haitoi cheti cha usalama.

Madhara makubwa ya THC yako akilini kuliko kwenye pumzi. Utafiti wa Marta Di Forti na wenzake, uliochapishwa 2019 baada ya kufanywa katika miji ya Ulaya na Brazili, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi wana uwezekano wa karibu mara tano wa kupatwa na wazimu wa kusikia sauti na kuona visivyokuwapo, wakilinganishwa na wasiotumia kabisa. Utafiti wa namna hii unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba kila mmoja wao bangi ndiyo iliyomtia wazimu. Hata hivyo tofauti ya mara tano si ya kupuuzwa, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake bado unajengeka. Utegemezi nao upo: takriban mmoja kati ya kila kumi waliowahi kutumia, na walioanza wakiwa na miaka ya shule ni wengi zaidi.

Wazee wakisema "sisi tulivuta na hatukupata wazimu", wakumbuke kiasi. Katika bangi iliyonaswa Marekani, wastani wa THC ulipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi 12 mwaka 2014, kwa sababu wazalishaji wa mbegu walichagua hivyo. Mbegu husafiri. Msokoto unaouzwa kando ya barabara hauna lebo ya kumwambia mnunuzi ameangukia ipi.

Kuna wanaodai CBD iliyomo hupoza makali ya THC. Mwaka 2022 watafiti wa London waliwapa watu 46 THC pamoja na CBD ya viwango tofauti, hadi mara tatu ya THC, na CBD haikuwakinga kwa kiwango chochote.

"Sativa huamsha, indika hulaza."

Wauzaji wa ufukweni wanaipenda hii, maana mtalii huifahamu. Majina hayo ni ya maumbo ya majani kuliko ya kemia. Vipimo vya vinasaba na kemikali vimeonyesha kuwa bangi iliyoandikwa sativa inaweza kuwa karibu zaidi na iliyoandikwa indika kuliko na sativa mwenzake. Kinachotofautiana kweli ni tepini, yaani kemikali za harufu. Limonini ni ile ya ganda la chungwa, mirsini imo kwenye maembe. Moja kati yake, karayofilini, imejaa kwenye karafuu za Pemba na pilipili manga, na hushika kipokezi cha CB2, ndugu wa CB1. Pilau ya Idi basi ina kemikali inayogusa mfumo ule ule, na hakuna aliyewahi kulewa pilau.

"Kilifi ikipanda hempu tutatajirika."

Ahadi za zao la miujiza tumezisikia. Mibono ya kuendeshea magari ilipigiwa debe hadi Dakatcha, na kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikufa miaka ya 1990 huku mikorosho ingali imesimama. Simkatazi mtu kuota, ila kemia na jua vina neno.

Hempu nyingi zilizozalishwa Ulaya husubiri siku zifupike ndipo zichanue. Huko hurefuka miezi mitatu au minne chini ya mchana mrefu, ndipo nyuzi zinapopatikana. Tezo iko chini ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mchana wake ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Mbegu hiyo ikipandwa hapa huona siku fupi tangu ichipuke, ikachanua ingali kimo cha goti au kiuno. Kwa nyuzi, mkonge wa Vipingo unaishinda bila kumwagiliwa. Kwa CBD, inarudi kwenye hesabu niliyoianza: kadiri inavyolipa, ndivyo inavyokaribia kuvuka mpaka wa THC, na mkulima anahitaji maabara ya kuipima kila wiki za mwisho.

Zaidi ya hayo, mpaka wenyewe haupo Kenya. Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, Malawi ilitunga sheria yake 2020, na Uganda na Rwanda zimeruhusu kilimo cha kitabibu kwa ajili ya kuuza nje. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994 haitaji asilimia yoyote ya THC. Marekebisho ya 2022 yalimpunguzia adhabu anayekutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe, ikawa kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa anayepanda, kifungu cha 6 kiliweka faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea, ipi iliyo kubwa, au kifungo cha hadi miaka 20, au vyote viwili. Mbele ya hakimu wa Kilifi, kusema "hii yangu ni hempu" si utetezi.